Daraja Limekwenda Wapi?

Mimi sina ugomvi na uongo. Nashonesha nguo za Idi kwa fundi yuleyule miaka nenda miaka rudi, nimepanga nyumba za watu, nimesikiliza kampeni zote tangu vyama vingi viliporudi. Uongo na mimi tumeshakula sahani moja. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nazisakama sinema za kihistoria kwa sababu zinadanganya. Nazipenda sana. Nionyeshe mwanamume mwenye ngao, farasi, vumbi na mama anayelia mlangoni, nami nauacha ugali upoe. Malalamiko yangu ni mengine kabisa: hawa watu wanadanganya kivivu. Historia inawapa kisa kitamu, tena bure, hakidaiwi haki miliki na mtu yeyote, nao wanakitupa jalalani, wanaokota kingine kilichochacha, kisha wanamwaga mamilioni ya dola kukipamba.

Ugonjwa huu niliambukizwa na Braveheart, ile ya Mel Gibson ya mwaka 1995, iliyoondoka na tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya sinema bora. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi katikati ya wapiga debe wawili, ikiwa imetafsiriwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito aliyetuhakikishia kuwa William Wallace anadai shamba la marehemu baba yake. Nilitoka pale nimechoka kwa kushangilia. Laiti ningeishia hapo! Miaka baadaye nikaingiwa na tamaa ya kusoma habari zenyewe, na tangu siku hiyo sijaangalia sinema kwa amani.

Katika Braveheart, mapigano makubwa ya Stirling yanapiganwa uwanjani, kwenye majani, jeshi huku na jeshi kule. Sasa vita vyenyewe, vya tarehe 11 Septemba 1297, ni vita vya daraja. Vilipiganwa darajani, vikashindwa darajani, na hata leo Waskoti wakivitaja wanalitaja daraja. Gibson amepiga vita vya daraja bila daraja.

Na si kwamba kisa cha daraja kilikuwa kibovu. Sikiliza. Jeshi la Waingereza liko upande mmoja wa mto Forth, Waskoti wako mlimani upande wa pili, na katikati kuna daraja la mbao ambalo wapanda farasi wawili ndio wanaoweza kupita ubavu kwa ubavu. Asubuhi askari wanaanza kuvuka, halafu wanaitwa warudi. Kwa nini? Kwa sababu kamanda wao, John de Warenne, bwana wa Surrey, bado amelala. Amelala! Anaamka, anajinyoosha, baraza linakaa. Shujaa mmoja anashauri waende juu kidogo, kuna kivuko ambako farasi wengi wanaweza kupita kwa mpigo. Mweka hazina, Hugh de Cressingham, anakataa: vita hivi vimeshakula fedha nyingi mno za mfalme, tusipoteze muda, tupite hapahapa. Wakapita hapahapa. Wallace na mwenzake Andrew Moray wakasubiri hadi wavuke wa kuwatosha, wakashuka mlimani, wakaziba mdomo wa daraja. Waliovuka hawawezi kurudi, waliobaki hawawezi kuja kusaidia. Cressingham akauawa, akachunwa ngozi, na mwandishi mmoja wa zama zile anasema Wallace alijitengenezea mkanda wa upanga kwa kipande cha ngozi hiyo. Mhasibu aliyebana matumizi akaishia kubana kiuno.

Ndugu msomaji, hapo kuna bosi anayelala, mhasibu bahili na fundi aliyetoa ushauri mzuri akapuuzwa. Nani kati yetu aliyewahi kuajiriwa asingekielewa kisa hicho hata bila mtafsiri? Lakini Gibson akaona hapana, tuweke majani. Na huyo Andrew Moray, aliyekuwa kamanda pamoja na Wallace na anayesemekana kufa kwa majeraha ya siku hiyo, kwenye sinema hayumo kabisa, hata kwa kupita nyuma akibeba ndoo.

Badala yake tumepewa sketi na rangi. Vazi lile la kujizungushia lilianza kuonekana huko Uskoti mwishoni mwa karne ya 16. Kujipaka buluu mwilini ni habari za enzi za Warumi. Yaani Gibson amechelewa miaka elfu moja usoni na amewahi miaka mia tatu kiunoni. Tukapewa na mapenzi: Wallace na Isabella, binti mfalme wa Ufaransa, mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza. Wallace aliuawa London Agosti 1305. Isabella wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, yuko kwao Ufaransa, na ndoa yake ilifungwa mwaka 1308. Sinema inatunong'oneza kwamba mtoto wa Isabella ni damu ya Wallace. Mtoto huyo, Edward wa Tatu, alizaliwa mwaka 1312. Hakuna mkunga, wa hospitali wala wa jadi, atakayekubali kuisimamia mimba ya miaka saba.

Nilimweleza mama watoto haya yote wakati sinema inaendelea. Akanitazama kwa muda.

"Baba Zuhura, wewe unaangalia sinema au umetumwa na mkaguzi wa hesabu?"

Gladiator ya mwaka 2000 naipenda kuliko hiyo, ndiyo maana inaniuma zaidi. Kwamba Maximus hakuwahi kuwepo, nimesamehe. Mtunzi ana haki ya kuzaa mtoto wake. Nisichosamehe ni walivyomfanyia Commodus, mfalme wa Roma. Sinema inamfanya amkabe baba yake, Marcus Aurelius, hadi afe, halafu baada ya muda si mrefu naye anachomwa kisu ulingoni mbele ya umati. Baba mtu alifariki mwaka 180, na wanahistoria wengi wanasema ni maradhi. Wala hakukuwa na haja ya kumkaba mzee wa watu, kwa kuwa alikwishamfanya mwanawe mshirika wa utawala tangu mwaka 177. Kiti alikuwa nacho tayari.

Commodus wa kweli alitawala peke yake miaka kumi na miwili na ushee, na alikuwa kichekesho cha hatari kuliko chochote alichoweza kuigiza Joaquin Phoenix. Ulingoni aliingia kweli. Siku moja alimuua mbuni, akamkata kichwa, akakibeba mkono wa kushoto, mkono wa kulia ana upanga unaochuruzika damu, akatembea hadi walipokaa maseneta. Hakusema neno. Alitikisa kichwa chake mwenyewe na kutabasamu, waelewe wenyewe. Miongoni mwa maseneta hao alikuwemo Cassius Dio, ambaye ndiye aliyetuandikia kisa hiki, na anakiri kwamba kilichowapanda si woga, ni kicheko. Na ukicheka umekufa. Kwa hiyo Dio akachuma majani kwenye shada alilovaa kichwani akaanza kuyatafuna, akawashauri waliokaa jirani nao watafune, ili mataya yakicheza isijulikane kwamba ni kicheko.

Hebu ione picha hiyo. Wazee wenye heshima zao, vigogo wa dola kubwa, wamepangwa mstari wa mbele wakitafuna majani kwa nguvu, mbele yao mfalme na kichwa cha mbuni. Sisi ambao tumewahi kukalishwa viti vya mbele kwenye ziara ya mheshimiwa, akahutubia saa mbili kuhusu mradi ambao haupo, tunajua vizuri sana kazi ya kubana kicheko. Tungeielewa sinema hiyo kuliko Warumi wenyewe. Lakini haimo. Mwongozaji Ridley Scott, mwenye dola milioni 103 mkononi, amemkosa mbuni.

Hata kifo amekibadilisha. Siku ya mwisho ya mwaka 192 hawara wa Commodus, Marcia, alimtilia sumu; jamaa akaitapika; wakaona isiwe taabu, wakamtuma mwanamieleka Narcissus, aliyekuwa akifanya naye mazoezi, amfuate bafuni akamnyonge. Mtu aliyejiita Hercules, akaipa miezi yote ya mwaka majina yake mwenyewe, anamalizikia bafuni mikononi mwa kocha! Unaandikaje hadithi nzuri kuliko hiyo?

Nikajipa moyo kwamba kwenye sehemu ya pili, ya mwaka 2024, watarekebisha. Wakaleta papa. Uwanja wa Colosseum umejazwa maji, majahazi yanapigana, na chini wanazunguka papa. Kwamba Warumi walijaza maji viwanjani wakacheza vita vya majini, hilo limeandikwa. Lakini papa anafikaje katikati ya jiji la Roma, amepanda daladala? Mbuni wa kweli kaachwa nje kwa mara ya pili, kaitwa papa wa uongo.

Huyu Ridley Scott ana jibu lake, na jibu lenyewe linanihusu mimi na nyumba yangu. Alipotoa Napoleon mwaka 2023, akamwonyesha Bonaparte akizipiga mizinga piramidi za Misri, na akimtazama malkia Marie Antoinette akikatwa kichwa, mambo mawili ambayo hayakutokea, wanahistoria wakapiga kelele. Mzee yule akawajibu kwa kuwauliza kama walikuwepo, na kama hawakuwepo basi wanyamaze. Nimepunguza makali, maana gazeti hili husomwa na watoto. Nilicheka niliposoma. Kicheko kiliniisha pale mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi.

Mama mkwe akishaingia nyumbani, rimoti ni yake. Hakuna kikao, hakuna kura. Na yeye anaangalia Waturuki. Saa ya tamthilia anatandika khanga vizuri mapajani, anashika tasbihi, na anayekohoa anatazamwa. Amemaliza ya Sultani Suleiman, sasa yuko kwa Ertuğrul.

Kwa asiyeijua, Ertuğrul ilianza kuonyeshwa Uturuki mwaka 2014 ikaisha mwaka 2019, misimu mitano, na kila sehemu huko kwao inapita saa mbili. Walipoiuza nje wakaikatakata vipande vifupi, vikafika mamia. Muundo wake ni huu: kuna hema, ndani ya hema kuna mzee anayeheshimiwa, nyuma ya mzee kuna msaliti. Msaliti anajulikana na watazamaji wote, na farasi wote, isipokuwa Ertuğrul. Anakamatwa, anafungwa kamba, anateswa, rafiki zake watatu wanakuja na mashoka. Kisha anapatikana msaliti mwingine.

"Usinywe, mwanangu! Wameitia sumu!" Mama alisema usiku mmoja, na kidole chake kilikuwa karibu kugusa kioo.

Nikathubutu. "Mama, usiwe na wasiwasi, huyo hafi leo. Bado misimu mitatu."

"Umeyajuaje ya Mungu, baba?"

Nikakaa kimya. Baadaye, kahawa ikiwa imemlainisha, nikajaribu njia ya elimu. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba huyu Ertuğrul wa kweli, baba yake Osman aliyeanzisha dola ya Uthmaniya, habari zake za uhakika ni chache mno. Kuna sarafu za Osman zinazomtaja kuwa ni baba yake, na kilichobaki kingi ni masimulizi yaliyoandikwa vizazi kadhaa baadaye. Sarafu, Mama. Kutokana na sarafu wametoa misimu mitano.

"Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, Mama."

"Haya, tulia basi."

Kumbe yeye na Ridley Scott wamesoma chuo kimoja. Nikatulia, na nilikuwa na sababu zaidi ya kuogopa mkwe. Nilipotafakari niliona Waturuki hawa hawana hatia kwa shitaka langu. Hawakutupa kisa kizuri waweke kibaya. Walikuta chumba kitupu, wakakijaza samani. Unaweza kulalamika kwamba samani ni nyingi, hupati hata pa kupita, lakini huwezi kudai kuna kilichoibwa.

Wa Suleiman ndio walipaswa kubanwa kidogo. Tamthilia ile, iliyoonyeshwa Uturuki kati ya mwaka 2011 na 2014, ilimuudhi Erdoğan mwenyewe, akalalamika hadharani kwamba Sultani aliyetumia miaka 30 juu ya farasi anaonyeshwa amejaa kwenye kasri na wanawake. Kwa hili niko na Erdoğan, ingawa namwelewa na mtengenezaji: farasi mia moja wanakula kila siku, kochi halili.

Kuna na kero ndogondogo ambazo nikizieleza zote mhariri atanikata. Meno: karne ya 12, hakuna mswaki wa dukani wala dawa ya meno ya tyubu, na mkulima anacheka meno meupe pe. Kofia za chuma: kila askari anaivaa isipokuwa nyota wa sinema, kwa sababu uso wake umelipiwa. Umri: Joséphine wa kweli alimzidi Napoleon miaka sita, kwenye sinema aliyemwigiza Napoleon ndiye anayemzidi mwenzake miaka 14. Kwenye Troy ya mwaka 2004 vita vya miaka kumi vimemalizwa kwa siku za kuhesabika, na miungu wote wameachishwa kazi. Na ile hotuba! Jemadari anapita mbele ya maelfu, farasi anarukaruka, upepo unavuma, anaongea kwa sauti ya kawaida kuhusu uhuru, na mtu wa mstari wa mwisho kabisa anafuta machozi. Harusi za Mwananyamala tuna spika sita, na bado watu wa meza ya nyuma hawajui bwana harusi anaitwa nani.

Sasa ili nisionekane mtu wa chuki, niwataje walioifanya kazi hii kwa heshima. Moustapha Akkad, Msyria aliyeishi Marekani. Sinema yake The Message ya mwaka 1976, kwetu ilikuwa ni ya Idi. Sebule moja yenye deki ilikuwa inakusanya mtaa mzima. Akkad alijifunga masharti mazito kuliko yoyote niliyowahi kuyasikia: Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki, kwenye sinema inayomhusu yeye. Tena akaipiga mara mbili na waigizaji wawili wawili, Hamza wa Kiingereza ni Anthony Quinn, Hamza wa Kiarabu ni Abdullah Gaith. Morocco wakamtoa katikati ya kazi, akahamia Libya akamalizia. Mtu mwenye vikwazo vyote hivyo hakuongeza binti mfalme wala papa, na bibi zetu walilia Hamza alipopigwa mkuki utadhani habari imeingia asubuhi ile.

Kisha akatoa Lion of the Desert, kisa cha Omar Mukhtar, mwalimu wa Qurani aliyewasumbua Waitaliano jangwani mpaka walipomnyonga tarehe 16 Septemba 1931, akiwa mzee wa miaka sabini na ushee. Fedha zilitoka serikali ya Gaddafi, na Gaddafi alikuwa na sababu zake, sitaki kujifanya sijui. Lakini kilichomo ndani ni kambi za waya zilizokuwepo kweli, mahakama iliyokuwepo kweli, mzee na miwani yake. Italia waliipiga marufuku, na watu wao hawakuiona kwenye televisheni hadi mwaka 2009. Sijasikia nchi iliyopiga marufuku Braveheart. Ukweli unakera kuliko rangi ya buluu.

Kwa Waafrika wenzetu mambo ni nusu kwa nusu. Shaka Zulu ya mwaka 1986, sehemu kumi, ilitengenezwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini enzi za ubaguzi, na inaonekana. Henry Cele, golikipa wa zamani, anamwigiza Shaka hadi unasahau kupumua. Lakini mambo mengi ya Shaka tunasubiri tusimuliwe na daktari wa Kizungu aliyekuja na meli. Dola imejengwa, majeshi yamepangwa upya, mtani wa Napoleon amezaliwa, na sisi tumekaa tunasubiri mgeni achovye kalamu. The Woman King ya mwaka 2022 imeondoa mgeni huyo, nikapiga makofi. Wanajeshi wanawake wa Dahomey walikuwepo kweli na hawahitaji chumvi. Ila mfalme Ghezo amesafishwa mno. Sinema inamwacha akiiacha biashara ya watumwa. Mwenyewe aliendelea nayo miaka mingi mpaka Waingereza walipoifungia pwani yake na kumlazimisha atie saini mkataba mwaka 1852. Huo si uvivu tena, ni woga.

Na huku kwetu? Vipo vilivyofanyika, tusijidharau. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, na hakuna jeshi la farasi hata moja na bado moyo unakwenda mbio. Seko Shamte naye alishafungua njia na Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa. Lakini ile sinema kubwa yenyewe, ya vumbi na bajeti, bado naisubiri, wakati malighafi imejaa mpaka inamwagika. Ngome ya Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698; ndani watu wanakufa kwa njaa na maradhi, na meli za msaada kutoka Goa zinafika siku chache baada ya ngome kuanguka. Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vilichukua dakika 38 hivi, kasri likawa kifusi na Khalid bin Barghash yuko ubalozi wa Ujerumani. Ridley Scott kwa dakika 38 angekuwa bado anatuonyesha mawingu.

Ila mimi ningeanza na Nyundo. Hilo ndilo jina walilompa wazee wetu Emil von Zelewski, Mjerumani. Tunakutana naye Pangani mwaka 1888, afisa wa kampuni ya Wajerumani, anapandisha bendera ya kampuni bila kujali ya Sultani, anawatukana watu mpaka wanamfungia ndani ya nyumba. Upepo huo ndio uliowasha vita vya Abushiri. Mtu wa kawaida angerudi kwao akafuge nyuki. Nyundo akapandishwa cheo. Mwaka 1891 ndiye kamanda wa jeshi lote la Wajerumani huku kwetu, anaelekea Uhehe na mizinga na bunduki za rashasha, na anawaona Wahehe ni watu wa mikuki tu, hawana la kumfanya. Rashasha zenyewe zimebebwa na punda na wapagazi, hazijafunguliwa.

Tarehe 17 Agosti, Lugalo. Wahehe wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe, wanasubiri ishara ya mlio wa bunduki. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Kijerumani akamwona ndege, akamtamani, akafyatua. Ishara ikatolewa na Mjerumani mwenyewe! Wakanyanyuka kwa maelfu. Ndani ya robo saa hivi kikosi kilikuwa hakipo tena, na Nyundo amechomwa mkuki, wanasema na kijana wa miaka 16, akiwa juu ya punda. Bado hatujafika Kalenga, ngome ya Mkwawa mtawala wa Wahehe, ilipoanguka mwaka 1894, wala yeye mwenyewe kujipiga risasi Julai 1898 ili asishikwe, wala fuvu lake lililotajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, likarudi nyumbani mwaka 1954 baada ya gavana Twining kwenda mwenyewe kulitafuta Bremen.

Basi ombi langu kwa mtengenezaji yeyote mwenye fedha, wa hapa au wa nje. Lugalo ipo palepale, kando ya barabara ya Iringa, mnara upo. Usimtafutie Mkwawa binti mfalme wa Ujerumani. Usiweke mmishonari wa kutusimulia. Hotuba ya jemadari ondoa, watu walikuwa wamejificha. Ndege awepo. Na Nyundo, tafadhali, apandishwe punda, asipewe farasi.